Kasongo, mwaka wa 1893: mji ulioachwa na milango yake wazi

KASONGO, Maniema. – Mtu anayekimbia vita habebi nyumba. Anabeba mtoto, sufuria, labda godoro, na kadi ya uchaguzi ndani ya mfuko wa plastiki. Nyumba inabaki nyuma. Familia zilizotoka upande wa Salamabila na vijiji vingine vya teritware ya Kabambare, zile zilizopokelewa na ndugu zao au na watu wasiowafahamu hata kwa jina, zinalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Ukiwauliza waliacha nini, wengi wanaanza na nyumba: vyumba vitatu, mabati ya mwaka juzi, mlango wa mbao ambao fundi alikuwa bado hajalipwa wote.

Kusini ya Maniema imekwisha kuona mji mzima ukiachwa namna hiyo, tena mji mkubwa. Ilikuwa tarehe 22 mwezi wa nne mwaka wa 1893, na mji wenyewe ni Kasongo. Si Kasongo hii ya leo yenye soko na kanisa kuu na msikiti, ila ile ya zamani, ambayo mahali pake panaitwa Tongoni.

Jina hilo lenyewe ni habari. Katika Kiswahili cha zamani tongo ni mahali palipokuwa na makao ya watu, kisha wakaondoka. Wengi wake ni matongo, na wengine wanasema mahame. Kwenye pwani ya Tanzania, karibu na Tanga, kuna Tongoni nyingine, na huko nako kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Watu wa pwani walipofika mpaka Lualaba walileta neno hilo pamoja na lugha yao, na baada ya miaka michache likawa jina la mji wao wenyewe.

Kabla ya kufika 1893 ni lazima kurudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna watu wanaoeleza historia hii kana kwamba kabla ya Waarabu hapakuwa na nyumba ya maana huku. Sivyo. Mnamo mwezi wa tisa mwaka wa 1869 David Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre. Alikwenda mbele, akarudi, na kuanzia mwezi wa saba 1870 mpaka mwezi wa pili 1871 alikaa hapo kwa sababu ya vidonda vya miguu. Kwa siku kama 80 alishindwa hata kutoka nyumbani. Mgonjwa asiyeweza kutembea anatazama kuta na dari, na Livingstone alitazama vizuri.

Aliandika kwamba vijiji vya Wamanyema vilikuwa na barabara iliyonyooka, na mara nyingi barabara hiyo ilielekea kutoka mashariki mpaka magharibi ili jua liipige moja kwa moja na kukausha matope haraka. Nyumba zilipangwa kwa mstari, na kwenye kila mwisho wa barabara palikuwa na nyumba ya mikutano ya watu wote. Kuta zilikuwa za udongo uliopigwa vizuri. Mapaa yalishuka chini ili mvua isiguse ukuta, na yaliezekwa kwa majani mapana yenye kikonyo kilichokatwa pengo, ili kila jani ling'ang'anie ufito bila kufungwa kamba. Maji yalitiririka juu ya paa hilo bila kuingia. Ndani palikuwa safi. Tena anaongeza jambo moja ambalo wageni hawakulifurahia: kabla ya Waarabu kufika, kunguni hawakujulikana. Ulipokuta kunguni ulijua msafara umepita.

Hayo ni maarifa ya ujenzi, na yalikuwa ya watu wa hapa. Mtu anayejenga leo njiani kwenda Kabambare, akiinamisha paa lake ili kuokoa ukuta wa udongo, anafanya kazi ileile.

Livingstone alitoka Kabambare akafika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, mwezi wa tatu mwaka wa 1871. Huko, tarehe 15 mwezi wa saba, aliona watu wenye bunduki wakifyatua risasi katikati ya soko lililojaa wanawake. Watu walijitupa mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Siku hiyo na iliyofuata vijiji vya ng'ambo vilichomwa moto. Kwa hiyo wahami wa kwanza wa habari hii ni watu wa vijiji vile vyenye barabara zilizonyooka. Nyumba zao ziliungua miaka mingi kabla ya nyumba za Kasongo kuachwa, na wengi wao walifungwa, wakabebeshwa pembe, au wakapelekwa kujenga na kulima katika miji ya wale waliowachomea.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia nzima inamwita Tippu Tip, alifanya makao Kasongo karibu na mwaka wa 1875. Mwaka uliofuata Henry Morton Stanley alipita, na wakafanya mapatano ya safari. Kutoka hapo mji ulikua haraka sana. Nyangwe ilikuwa ya kwanza na ilikuwa na soko kubwa zaidi. Ilijengwa juu ya ukingo, sehemu mbili zilizotenganishwa na bonde dogo la mpunga. Lakini Kasongo ilikuwa makao ya mkubwa mwenyewe, na ikaipita kwa utajiri.

Msitu ulikatwa maili nyingi kuzunguka mji. Mashamba ya mpunga, mahindi na kahawa yalilimwa. Bustani zilipandwa michungwa, mapera, makomamanga, maembe, nanasi na ndizi. Nyumba za wakubwa zilikuwa na vyumba virefu, milango na madirisha ya mbao, vitanda vya kuchongwa. Mabuku ya wakati ule yanataja majina ya mabwana waliomiliki nyumba hizo na ya maofisa waliokuja kuzichukua. Waliokanyaga udongo kwa miguu, wakakata miti, wakabeba maji ya kukandikia, hawatajwi. Lakini bila shaka walikuwa watu wa huku, wengi wao watumwa, na ukuta uliposimama wima ulisimama kwa ujuzi wao. Anayesifu uzuri wa Kasongo ya zamani bila kutaja jambo hilo ameeleza nusu.

Tippu Tip aliondoka mwaka wa 1890 na hakurudi tena. Mji ulibaki kwa mwanawe Sefu. Leta, yaani serikali ya mfalme Leopold wa Pili ambayo wazee waliiita Bula Matari, ilikuwa na wajumbe wake wawili palepale Kasongo, Lippens na De Bruyne. Mwisho wa mwaka wa 1892, vita vilipokuwa vimeanza, wote wawili waliuawa. Jeshi la Leta likaongozwa na Francis Dhanis, na upande wake akaingia Ngongo Lutete pamoja na maelfu ya watu wake. Ngongo Lutete ndiye aliyekuwa amefanya kazi ya Waarabu kwa miaka mingi, kisha akageuka. Mwezi wa tisa 1893 maofisa wa Leta walimhukumu na kumpiga risasi huko Ngandu. Hakufaidi chochote kwa kugeuka kwake.

Nyangwe iliingiwa tarehe 4 mwezi wa tatu 1893. Muda mfupi baadaye, daktari wa jeshi, Mwingereza Sidney Hinde, anasema mji uliokuwa na watu kama 30,000 ulibaki nyumba moja kubwa yenye ngome, na kambi ya askari kuizunguka. Matofali, miti, milango, kila kitu kilichoweza kuungua kiliungua, na kilichobaki kiliporomoka.

Wiki saba baadaye ikawa zamu ya Kasongo. Jeshi lilifika, vita vya ndani ya mji havikuchukua muda mrefu, na watu wakakimbia wakaacha kila kitu mahali pake. Neno hili, kila kitu, si la kutia chumvi. Hinde alitoa buku lake mwaka wa 1897, na sura ya Kasongo inasomeka kama orodha ya mali ya familia iliyotoka mbio. Askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri, kwenye vitanda vya kuchongwa vyenye chandarua. Walikuta mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha na vya kioo. Maghala ya mji yalijaa mchele, kahawa na mahindi. Palikuwa na tani kama 25 za pembe za ndovu, na tani nyingi za baruti. Palikutwa pia daftari za Emin Pasha, yule Mjerumani aliyeuawa msituni mwaka mmoja mbele. Karatasi zake zilidumu kuliko mwenye karatasi.

Hinde alijichagulia chumba. Alikipima, au angalau alikikadiria: urefu kama mita 24, upana kama mita nne na nusu. Mlango wake ulifungukia bustani ya michungwa, na ng'ambo ya michungwa macho yaliona mpaka mbali sana. Asubuhi, anasema, ilikuwa vigumu kuamini kwamba yuko katikati ya Afrika, mpaka alipoangalia matundu ya risasi kwenye mlango na madirisha, na doa kubwa jekundu lililokauka ukutani.

Hapo inafaa kusimama. Maelezo bora ya chumba cha Kasongo ya zamani ambayo mtu wa leo anaweza kuyasoma yametoka kwa mtu aliyelala ndani yake baada ya wenyewe kufukuzwa. Aliyekijenga hakuandika, na aliyekimiliki hakupata nafasi ya kurudi kuchukua hata kikombe. Tippu Tip mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kazi hiyo inahesabiwa kati ya mabuku ya kwanza ya mtu kujieleza mwenyewe katika lugha hii. Lakini yeye alikuwa mfanyabiashara: alikumbuka safari, vita, madeni na uzito wa pembe. Kuta hazikumhusu sana.

Baada ya Kasongo kuanguka, je, hakuna kilichojengwa tena mwaka ule? Kilijengwa, tena kwa wingi sana. Yalijengwa maboma. Rumaliza, jina lake Muhammad bin Khalfan, alitoka Ujiji na watu wake, akapita Kabambare, akasogea kuelekea Kasongo ili kuikomboa. Kila alipotua alijenga. Miti ilisimikwa kwa duara, mtaro ukachimbwa, udongo wa mtaro ukarundikwa nyuma ya miti, matundu ya bunduki yakaachwa. Ndani watu walichimba mashimo, wakayafunika kwa magogo na juu yake udongo mzito. Mzinga wa Krupp wa Wabelgiji ulipiga na kupiga bila kuvunja sana, kwa sababu kombora lilizama ndani ya udongo. Ukitaka kujua jinsi ujuzi wa ujenzi wa watu hawa ulivyokuwa, maboma hayo yanaonyesha wazi: udongo uleule, miti ileile, mikono ileile, ila safari hii wamejenga ili wasife.

Mapigano yalikuwa makali karibu na Luama mwezi wa kumi. Sefu aliuawa huko, na upande wa pili ofisa Ponthier akafa kwa majeraha. Vita vilienda hivyo mpaka mwezi wa kwanza 1894, kombora lilipowasha moto ndani ya boma. Magogo na udongo vilikuwa vimevumilia miezi, lakini mapaa ya nyasi hayakuvumilia. Moto ulirukaruka kutoka paa moja mpaka lingine, watu wakatoka wakikimbia, na Rumaliza akatoroka. Kabla ya mwezi huo kwisha ofisa Lothaire aliingia Kabambare. Miaka mitano haikwisha vizuri, Kabambare ikapigwa tena: askari wa Leta wenyewe walioasi, wale ambao mabuku yanawaita waasi wa Kitetela, waliiteka mwaka wa 1898. Anayesema Kabambare imezoea kushikwa na kuachwa ana ushahidi wa zaidi ya miaka 120.

Sasa twende mbali kidogo, halafu tutarudi. Kasongo ilipoanguka, bado siku tisa tu, mji mwingine mkubwa ulifunguliwa Marekani. Tarehe 1 mwezi wa tano 1893 Chicago ilifungua maonyesho ya dunia. Msanifu Daniel Burnham na wenzake walijenga majumba makubwa meupe kando ya ziwa, na kwa miezi sita watu waliingia mara milioni 27 hivi. Vitabu vya ujenzi vikitaja mwaka wa 1893, vinaanza na huo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba majumba mengi kati ya hayo yalikuwa fremu za chuma na mbao zilizopakwa jasi iliyochanganywa na nyuzi. Kwa mbali yalionekana marumaru. Mwaka uliofuata mengi yaliungua. Basi mji mweupe wa Chicago haukudumu hata kama Kasongo, lakini picha zake zilipigwa maelfu, na ramani zake zinahifadhiwa.

Wa pili ni Brussels, na huo unatuhusu zaidi. Mwaka huohuo wa 1893 msanifu Victor Horta alimaliza nyumba ya profesa Emile Tassel. Chuma kilipindwa kama shina la mmea, ngazi zikajipinda, mwanga ukaingia kutoka juu. Wataalamu wanaihesabu kuwa mwanzo wa mtindo mpya wa kujenga Ulaya, ule unaoitwa Art Nouveau. Miaka michache baadaye Horta alimjengea nyumba Edmond van Eetvelde. Huyu hakuwa profesa. Alikuwa mkuu wa utawala wa Leta ya Kongo huko Brussels, yaani barua za Dhanis na wenzake ziliishia ofisini kwake. Ndiye pia aliyefanya wachongaji wa Ubelgiji wapewe pembe za Kongo ili wachonge sanamu, na sanamu hizo zilionyeshwa Antwerp mwaka wa 1894. Hakuna anayeweza kusema pembe fulani ya Kasongo iliingia katika sanamu fulani. Lakini njia ya pembe inajulikana: kabla ya 1893 zilipita Kabambare na Ujiji mpaka Zanzibar, na baada ya 1893 zilishuka mto mpaka Boma na Antwerp. Vita vile vilikuwa pia vita vya kugeuza njia hiyo.

Fuata njia zote mbili mpaka mwisho wake uone zimejenga nini. Upande wa mashariki kuna Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nyumba ya Tippu Tip ingali inasimama huko, mtaa wa Shangani, na mlango wake wa kuchongwa. Alifia Zanzibar mwaka wa 1905. Upande wa magharibi kuna nyumba za Horta. Mwaka wa 2000 UNESCO iliandika Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uleule, wa 2000, iliandika pia nyumba nne za Horta za Brussels, ya Tassel na ya van Eetvelde zikiwemo. Kongo yetu ina mahali patano katika orodha hiyo: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na mbuga ya okapi. Zote ni za wanyama na misitu. Hakuna nyumba hata moja, hakuna mji, hakuna tongo.

Mtu atasema nyumba za jiwe na chuma zinadumu, za udongo hazidumu. Hiyo ni kweli kidogo tu. Nyumba ya udongo inadumu kadiri ya watu wanaokaa ndani yake. Kila baada ya mvua kubwa mtu anaziba ufa, anapaka udongo upya, anabadilisha nyasi. Nyumba ya namna hiyo inaweza kumwona mjukuu. Ondoa watu, na paa litaanza kuvuja msimu wa kwanza. Msimu wa pili boriti inaoza. Maji yakiisha kupata njia juu ya ukuta, ukuta unalainika kutoka kichwani kwenda chini, na baada ya misimu michache kuna kilima kidogo chenye majani. Wahami waliorudi kuangalia vijiji vyao baada ya mwaka mmoja wameona hayo kwa macho yao. Kasongo ya 1893 iliharibiwa na vita siku chache tu. Kazi kubwa ya kuiangusha ilifanywa na mvua, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kupaka udongo.

Leta ilijenga vituo vyake mahali pengine na kwa namna yake. Mapadri Weupe walifungua misioni yao hapa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Utawala, maduka na shule vikakusanyika katika mji mpya, na Kanisa Katoliki likaufanya makao ya vikariati mwaka wa 1952, kisha jimbo kamili mwaka wa 1959. Mji wa leo ulikua hivyo. Waungwana, kama walivyojiita wale waliofuata desturi na lugha ya pwani, walibaki na dini yao, na Kiswahili chao kikawa lugha ya soko, ya askari, na hata ya wamisionari waliokuwa wakikipinga mwanzoni.

Wataalamu wa mambo ya kale wamekwisha kufika Tongoni. Kundi la Wakongomani na watu wa Ubelgiji, pamoja na Noemie Arazi na Alexandre Livingstone Smith, walifanya uchunguzi Maniema, wakapima, wakachimba, wakaongea na wenyeji, na mwaka wa 2020 walitoa taarifa yao katika jarida la Antiquity. Neno lililomo katika kichwa cha taarifa yao, pamoja na historia na uchimbaji, ni kumbukumbu. Walifanya vizuri kuliweka. Ukuta umeyeyuka, lakini kuna wazee ambao babu zao waliwaeleza barabara ilipita wapi na kwa nani palikuwa wapi. Kazi hiyo haingojei, maana mzee akienda naye mahali hapo panapungua. Shule za Kasongo na Kabambare zingeweza kuifanya bila mashini yoyote: daftari, kalamu, na mchana mmoja wa kutembea na mzee.

Kuna jambo lingine ambalo linawahusu wahami wa sasa, na linafanana na hili. Kufuatana na sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Leta. Mjini mtu anaweza kupata cheti. Kijijini watu wengi wanakaa kwa ruhusa ya mkubwa wa ukoo na kwa kujulikana na majirani, bila karatasi. Inafanya kazi vizuri, mpaka majirani wote wanakimbia siku moja. Wanaporudi wanakuta kilima chenye majani, mtu mwingine amelima pale, na maneno yanaanza. Katika maneno ya namna hiyo, ushahidi unaotafutwa kwanza ni miti iliyopandwa: mwembe wa baba, michikichi, mstari wa mipera nyuma ya jiko. Ukuta unaweza kukataliwa kwa sababu haupo tena. Mti wa miaka 20 ni vigumu kuukana.

Kwa hiyo familia iliyo Kasongo leo, katika chumba cha kuazima, ina kazi moja inayoweza kuifanya jioni bila kungoja shirika lolote. Ni kuandika nyumba waliyoiacha. Vyumba vingapi, upana wa hatua ngapi, mlango unaelekea wapi, udongo au matofali ya kuchoma, nyasi au mabati na mabati mangapi, miti gani na nani aliipanda, jirani wa kulia nani, wa kushoto nani. Baba aseme, mama asahihishe (mara nyingi mama ndiye anayekumbuka vizuri), mtoto anayejua kusoma aandike. Karatasi hiyo ikae na kadi ya uchaguzi katika mfuko uleule wa plastiki.

Ndivyo Hinde alivyofanya kwa chumba ambacho hakikuwa chake: mita 24 kwa nne na nusu, mlango unaofungukia michungwa. Ukiingia sokoni Kasongo asubuhi utakuta mchele, maembe na ndizi zikiuzwa na watu wanaoongea lugha ya mji ule, kati yao wanawake waliofika juzi kutoka Kabambare wakiwa hawana kitu. Mchele uliokuwa katika maghala tarehe 22 mwezi wa nne uliliwa na jeshi. Mbegu zilikuwa mashambani.